Gundi ya Wofa Twumasi

Maiti wa Kumasi hana haraka. Atalala kwenye jokofu mwezi, hata miwili, huku ukoo ukigombania rangi ya viti na nani atakaa karibu na spika. Subira hiyo ya maiti ndiyo iliyompa Dufie ulaji. Duka lake lilikuwa mtaa wa Asafo, mlangoni pana kibao cha herufi za dhahabu, MADAM DUFIE: MAZISHI YA HESHIMA, na ndani palijaa kila kitu ambacho marehemu hakukihitaji hata siku moja alipokuwa hai: kitanda cha shaba cha kumlazia akiagwa, glavu nyeupe, wabeba jeneza sita wanaocheza (wanane, ukitaka wapige na magoti), kamera inayoruka angani, na mashine ya moshi mweupe, ili jeneza liingie uwanjani kama mwanamuziki anayepanda jukwaani.

Jeneza lenyewe halikuwa na faida ya maana. Faida ilikaa kwenye nyongeza, na Dufie alikuwa na pua ya kumnusa mnunuzi wa nyongeza angali mlangoni. Binti aliyemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho hununua jeneza, huuliza bei ya mahema, huenda zake. Anayetaka moshi ni yule ambaye hakupiga simu nyumbani miaka minne.

"Simuuzii moshi," Dufie alizoea kumwambia mumewe. "Namuuzia asisemwe."

Ungedhani basi, mtu wa namna hiyo akiwekewa mbele yake orodha ya nyongeza za biashara nyingine, ataitambua papo hapo, kama mchawi anavyomtambua mchawi mwenzake sokoni. Wapi! Aliisoma, akameza mate, akaomba kalamu.

Orodha ilitoka mezani kwa Daktari Tieku, kwenye kliniki binafsi ya uzazi ambayo sakafu yake iling'aa hadi wagonjwa wakawa wanatembea kwa adabu. Dufie alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na mmoja ya hiyo alikuwa mke wa Yaw Amponsem, mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyejua mito yote ya Afrika lakini hakujua kubishana na muuza nyanya. Walikwisha kunywa mizizi ya kila rangi. Walikwisha kwenda kwa nabii wa Tafo aliyesema mtoto yupo njiani, akasahau kusema njia ipi. Dufie alikwisha kupasuliwa uvimbe. Ndipo wakaja hapa, Yaw akauza gari, Dufie akachomwa sindano mpaka tumbo likawa kama chekecheke, na mwisho wa yote yakavunwa mayai manne. Matatu yalirutubika. Mawili yalifika siku ya tano, yakagandishwa. Viinitete viwili, kila kimoja kidogo kuliko nukta.

"Na kuvuna tena?" Yaw aliuliza.

"Sishauri," alisema Daktari Tieku. "Sindano mlizotumia ni nyingi kwa mayai machache. Hivi viwili ndivyo tulivyo navyo."

Basi ikawa hivyo. Viwili, na baada ya hapo hakuna. Tena fedha iliyosalia ilitosha kuyeyusha na kupandikiza kimoja tu; cha pili kingebaki kwenye barafu kikingoja riziki.

Hapo ndipo daktari alipoisogeza ile karatasi ya rangi nzuri. Nyongeza tano. Gundi ya kukishikiza kiinitete kwenye ukuta wa kizazi. Mkwaruzo, yaani kizazi kukwaruzwa kidogo mwezi mmoja kabla, ati kiamke. Tundu dogo la leza kwenye ganda la kiinitete. Dripu ya mafuta ya soya na kiini cha yai. Na nyongeza ghali kupita zote, vidonge na sindano za kutuliza kinga ya mwili, mwili usije ukamfukuza mgeni.

"Ni za hiari, Madam," daktari alisema. "Wapo wanaozichukua, wapo wasiozichukua."

"Wanaozichukua wanapata?"

"Wapo wanaopata."

"Na wasiozichukua?" aliuliza Yaw.

"Wapo wanaopata pia."

Yaw akafungua kinywa kutaka kuendelea, Dufie akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kosa lenyewe alilifanya dukani, kesho yake asubuhi. Ukoo ulikuwa umeomba taarifa, na Dufie hakuwa mtu wa kwenda kikaoni mikono mitupu. Aliwasha kompyuta, akafungua karatasi yake ya kazi, ile aliyowaandikia wafiwa miaka kumi na minne, akafuta "kitanda cha shaba" akaweka "gundi", akafuta "moshi" akaweka "dripu". Mkono wenye mazoea hauombi ruhusa kichwani. Kwa hiyo karatasi ilipotoka kwenye mashine, kila nyongeza ilikuwa na bei yake upande wa kulia, na mbele ya bei mstari mtupu wenye maneno: Jina la mfadhili.

Nyumba ya ukoo ilikuwa Mampong, na kikao kiliongozwa na Wofa Twumasi, mjomba mkubwa na mkuu wa ukoo, aliyeuza vipuri vya malori Suame miaka thelathini na akastaafu na mafuta ya grisi kwenye kucha ambayo hata kaburi halitayatoa. Kwenye kiti cha mgongo mrefu alikaa Nana Birago, bibi wa miaka themanini na sita, mzaa tisa. Na kwenye simu iliyoegeshwa kwenye chupa ya maji alikuwamo binamu Akwasi, aitwaye Boga, jina la huko kwa kila aliyehamia Ulaya, kwa kuishi kwake Hamburg, akiwa amevaa koti zito ndani ya nyumba ili watu wajue kuna baridi.

Waliisoma karatasi. Wakatazamana kama watu wanaotambua kazi wanayoiweza.

"Gundi, mimi!" akasema Wofa Twumasi, akipiga paja.

"Wofa, ngoja kwanza, sijaamua kama..."

"Unaamua nini? Miaka thelathini nimefunga gasketi. Gasketi bila gundi inavuja. Andika jina langu."

"Hiyo ya kinga ni yangu," ikasema simu. "Ile ya bei kubwa. Nani anabisha?"

"Nani akubishie na wewe umekalia euro?" alijibu mtu mlangoni, watu wakacheka.

Nana Birago akaomba asomewe zilizobaki. Aliposikia "mkwaruzo" akauliza unakwaruzwa nini. Wakamweleza. Akatafuna hewa kidogo. "Mimi nimezaa tisa na hakuna aliyenikwaruza," alisema, "lakini kama ndiyo fasheni, niandikeni hapo." Kisha akamgeukia Dufie na sauti ikashuka. "Mjukuu wangu, kaka zako wamezaa, ndiyo, wamezaa watoto wa watu. Watoto wale ni wa koo za mama zao. Katika nyumba hii mlango uliobaki ni wewe. Ukifunga, tumefunga."

Ndani ya nusu saa mistari yote ilikuwa imejaa majina, na kwa kuwa Waasante, ndio watu wa huko, hawatoi kitu gizani, Wofa alimwamuru mpwa mmoja alete spika ya mazishi, ile ya kutangazia rambirambi. Mtaa mzima wa Mampong ukasikia: "Wofa Twumasi, mkuu wetu, gundi! Akwasi wa Hamburg, kinga, dozi kamili! Nana Birago, mkwaruzo! Makofi!"

Yaw alikuwa amekaa na wakwe wenzake pembeni. Njiani kurudi alisema neno moja tu. "Tumetangazwa."

"Nyamaza, Yaw."

"Nasema tu. Kizazi chako kina wafadhili kuliko timu ya mpira."

Jumatatu akaja dukani mwanamume mmoja aliyevaa suti nyeusi mpya, lebo bado iko kwenye mkono. Baba yake amefariki Obuasi. Alitaka wabeba jeneza wanane, kamera ya angani, moshi, na njiwa weupe kama wapo. Dufie alimwandikia. Mkono uliandika, mdomo ukasema pole, na kwa mazoea akamuuliza lini walionana mara ya mwisho na mzee.

"Unajua mambo ya kazi," mwanamume akasema, akiangalia njiwa kwenye picha. "Lakini sasa ninafanya kila kitu. Nataka nijue nimefanya kila kitu."

Dufie akaacha kuandika.

Kila kitu. Neno hilo hilo alilitamka yeye mwenyewe kwenye gari la kukodi juzi: nataka nijue nimefanya kila kitu. Akamtazama yule mtu na suti yake, akauona uso wake mwenyewe umeota ndevu. Alimuuzia wabeba jeneza sita, akamnyima moshi, akasema mashine imeharibika. Katika miaka kumi na minne ya biashara ilikuwa mara ya kwanza Dufie kuidanganyia mashine yake ugonjwa.

Alhamisi alikuwa mbele ya Daktari Tieku peke yake.

"Daktari, mimi nazika watu."

"Najua, Madam. Ulimzika shangazi yangu. Ulifanya vizuri sana."

"Alikuwa na moshi?"

"Alikuwa nao," daktari akakiri.

"Basi nisikilize. Kwangu mteja akikataa moshi, marehemu anazikwa. Akikataa kamera, anazikwa. Akikataa jeneza, kaburi au gari, hapo hatuna mazishi. Sasa kwenye hii orodha yako, niambie: kipi nikikikataa, hatuna mazishi?"

Daktari Tieku alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na anayempenda. Kisha akavua miwani, akaisugua muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Hakuna," alisema.

"Hata kimoja?"

"Gundi, utafiti unagongana. Wengine waliona nafuu kidogo, wengine hawakuona kitu. Haina ubaya, lakini siwezi kukuahidi. Mkwaruzo ulivuma sana kwanza. Baadaye watu wakapima kwa wanawake wengi zaidi, ule uvumi ukanywea. Leza na dripu, ushahidi wake sijauona wa kunitosha. Na zile dawa za kinga..." Akavaa miwani. "Hizo hazijathibitishwa, na si maji ya kunywa. Zinaweza kupandisha sukari, zinaweza kukuachia mlango wazi kwa maambukizi. Wewe huna ugonjwa wa kuzihitaji."

"Sasa mbona umeniwekea kwenye karatasi ya rangi?"

"Kwa sababu nisipoiweka, unakwenda kliniki ya barabara ya pili, ambako wanaiweka na kukuambia ni lazima."

Kwa hilo Dufie hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe alinunua mashine ya moshi siku mshindani wake wa Bantama alipoleta ya kwake.

"Na kinachoongeza nafasi kweli ni nini?"

"Kwa umri wako, kiinitete kimoja kina nafasi kama moja kati ya nne. Kinachoongeza nafasi ni kuwa na cha pili na uwezo wa kukipandikiza."

Aliondoka na hesabu hiyo kichwani, ndogo na ngumu kama kokwa. Zile fedha za gundi na kinga na mikwaruzo, zikikusanywa, zilitosha kukiamsha kiinitete cha pili. Ukoo ulikuwa umelipia mapambo ya safari moja kwa nauli ya safari mbili.

Sasa nenda kawaambie.

Alikwenda, na kikao cha pili kilikuwa kifupi na kibaya. Alieleza vizuri, kwa heshima, amesimama. Alipofika kwenye "ikiwa cha kwanza hakitashika", chumba kizima kilisonya.

"Unapanga kushindwa!" akasema Wofa Twumasi. "Nani huyo anayemwandalia maiti mmoja mazishi mawili?"

"Wofa, si mazishi."

"Ndiyo maana nashangaa! Gundi yangu nimeitangaza kwa spika. Watu wananisalimia barabarani: Wofa, gundi vipi? Niwaambie nini? Niwaambie mpwa wangu amenirudishia rambirambi?"

"Simrudishii mtu. Naomba tu ihame."

"Rambirambi haihami. Ina jina."

Simu ya Hamburg ikakohoa. Boga alisema yeye hawezi kutoa euro zake kwa kitu ambacho huenda kisitokee. Dufie akamuuliza kwani kile cha kwanza amepewa stakabadhi kwamba kitatokea? Boga akasema mtandao unakatika, na kweli ukakatika, kwa kidole chake. Fedha yake ikaondoka naye.

Nana Birago ndiye aliyekuwa wa kwanza kuguna kwa upole. "Mie yangu mhamishie huko. Nilikuwa naona haya hata kulitaja lile neno." Mmoja akamfuata, na mwingine. Lakini Wofa Twumasi alinyanyuka, akafunga nguo yake begani, akatoka bila kuaga. Kwa mkuu wa ukoo kutoka bila kuaga ni kama kupiga risasi darini. Mlangoni alisema bila kugeuka, "Kikivuja, msiniite."

Michango iliyobaki ilipungukiwa. Pungufu yake ilikuwa sawasawa na bei ya gundi na kinga. Dufie alijiambia bado kuna muda, na huenda kisihitajike.

Kile cha kwanza kilipandikizwa Jumanne ya mvua, bila gundi, bila mkwaruzo, bila kitu. Dufie alilala chali akitazama dari. Kwenye skrini kilionekana kitu cheupe kama punje ya chumvi kikishushwa mahali pake. Yaw alimshika mkono, akamnong'oneza kuwa mto Volta unaanza kama kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka. Dufie akamwambia anyamaze, lakini hakuutoa mkono.

Siku kumi na moja alitembea kama aliyebeba yai kichwani. Siku ya kumi na mbili damu ikachukuliwa, jibu likaja mchana: hapana.

Habari zilifika Mampong kabla hajamaliza kunawa uso.

Na sasa ndipo alipojua alichokuwa akiwauzia watu miaka yote hiyo. Huzuni ilikuwapo, lakini huzuni alijua pa kuiweka. Kilichomtafuna kilikuwa sauti moja iliyokaa nyuma ya sikio ikirudia: gundi, gundi, gundi. Siku ya tatu alichukua karatasi ya kliniki, akatia alama kwenye nyongeza zote tano. Alipanga kuuza kitanda cha shaba. Alipanga kumpigia Boga na kumwomba radhi. Yaw aliiona karatasi mezani, akaitazama kama anavyotazama ramani iliyochorwa vibaya.

"Hata za kinga? Daktari alisema nini kuhusu hizo?"

"Najua alichosema."

"Sasa?"

"Sasa wewe hutasemwa, Yaw! Wewe ni mwanaume wa ukoo mwingine. Mimi ndiye nitakayesemwa mpaka nazikwa. Na nitazikwa na nani? Mimi ndiye ninayezika!"

Hapo mlango ukabishwa. Wofa Twumasi, na nguo yake ya rangi ya kahawia iliyokolea, jasho la safari usoni.

"Nimekuja kukulaumu," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimejiandaa tangu Mampong."

Dufie akafuta macho. "Karibu ukae, Wofa, ulaumu vizuri."

Wofa alikaa. Akaletewa maji, akanywa. Kisha akaanza, na kwa kweli alikuwa amejiandaa. Alilaumu kwa mpangilio. Alilaumu kwa methali. Alisema mbuzi anayekataa kamba huliwa na fisi. Alisema injini yoyote anaijua, na hakuna injini duniani iliyofungwa bila gundi ikafika Accra. Alisema mama yake Dufie, Mungu amrehemu, angelikuwepo angeichukua gundi ile kwa mikono miwili. Dufie alitikisa kichwa panapostahili, akasema "ndiyo, Wofa" na "umesema, Wofa", akainuka katikati ya lawama kwenda kusonga fufu, Wofa akamfuata jikoni ili asikatize.

Fufu ikaiva, na supu ya mbuzi. Wofa akanawa, akala, akaendelea kulaumu kwa tonge la kwanza na la pili. Kwenye tonge la tatu lawama zikaanza kurudia maneno. Kwenye la tano zilikwisha.

Dufie alikuwa akimtazama. Ile lawama aliyoiogopa kwa miezi, lawama iliyomfanya atie alama kwenye karatasi kama mlevi, imeingia sebuleni kwake kwa miguu yake, imekunywa maji, imekula fufu, na sasa inatafuta kijiti cha meno. Naye bado amekaa kwenye kiti. Paa halijaanguka.

"Nimemaliza," alisema Wofa.

"Asante, Wofa."

"Umeudhika?"

"Kidogo."

"Vizuri." Akachokoa jino. "Gundi ile, hata daktari wa kwetu Mampong nilimuuliza. Kijana tu, lakini kasoma. Akasema 'labda'. Nikamwambia mimi sikununua 'labda' miaka thelathini." Akakiweka kijiti chini. "Halafu nikakumbuka nimeuza 'labda' miaka thelathini."

Akaingiza mkono ndani ya nguo, akatoa bahasha ya khaki iliyokunjwa mara mbili, akaiweka karibu na bakuli.

"Hiki cha pili kinaamka lini?"

"Wofa, hii ni ya gundi?"

"Imehama," alisema, bila kumtazama. "Usitangaze."

Bahasha ilikuwa nzito kuliko gundi. Mzee alikuwa amefidia na ya Boga. Alipoondoka, Dufie aliichukua ile karatasi yenye alama tano akawashia jiko.

Kiinitete cha pili kilipandikizwa mwezi uliofuata, kikavu vilevile. Daktari Tieku aliuliza kwa adabu kama kuna nyongeza yoyote. Dufie akamuuliza kwa adabu kama kuna utafiti wowote mpya tangu Alhamisi ile. Wote wawili wakacheka, muuguzi akadhani wana undugu.

Jibu lilipangwa kutoka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Dufie alikuwa Tafo, kwenye matanga ya karani mstaafu wa mahakama: mahema kumi na mawili, watu mia tano waliovaa nyeusi na nyekundu, jeneza la kawaida. Alikuwa amesimama nyuma ya hema la chakula akihesabu sahani za wali simu ilipolia. Sauti ya muuguzi ilikuwa chini ya kelele za ngoma, ikabidi arudie mara tatu. Mara ya tatu Dufie akaketi juu ya kreti la soda. Akalia. Hakulia kistaarabu kama walivyolia wafiwa walioketi mstari wa mbele. Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, kitambaa cha kichwa kikamteleza.

Wanawake wakamjia mbio.

"Jamani, hata mwandaaji analia!"

"Mzee alikuwa na mkono wazi yule. Labda alimsomesha."

"Pole dada, pole. Sote njia ni hiyo."

Akakumbatiwa, akapanguswa, akapepewa kwa picha ya marehemu. Kila akitaka kueleza anazidi kulia. Minong'ono ikatembea chini ya mahema, kama inavyotembea, mpaka ikamfikia mjane mwenyewe, mama mnene mwenye macho makali, ambaye aliinuka kwenye kiti chake cha heshima akaja nyuma ya hema la chakula polepole, umati ukimpisha.

"Wewe," alisema. "Mume wangu ulimjua toka lini?"

"Mama, simjui kabisa," Dufie akasema kwa kwikwi, na kabla akili haijamshika ulimi akaongeza, "Nina mimba."

Ngoma zilikuwa zimepumzika. Hata mpishi aliacha mwiko.

Mjane alimtazama kuanzia kitambaa mpaka viatu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akafika mahali akasimama, na taratibu kabisa uso wake ukalegea.

"Mzee wangu amelala kitandani miaka mitatu," alitangaza kwa sauti ya wote kusikia, "hawezi hata kugeuzwa bila watu wawili. Si yeye." Na akaanza kucheka, mjane, katikati ya matanga ya mumewe, kicheko kilichomtikisa mwili mzima mpaka naye machozi yakamtoka. Alivuta kiti cha plastiki, akambonyeza Dufie akae, akampigia mpishi kelele alete wali wenye nyama, nyama nyingi, na asije akamwekea pilipili.

"Ni wa ngapi?" akamuuliza.

"Wa kwanza, Mama."

"Basi kula," alisema mjane, akaketi karibu naye na kumshikia sahani.